Matanga ya Kijiji cha Mbugaheri

Nchi ninayoisimulia haipo. Ukiitafuta kwenye ramani utajichosha bure, na ukinitafuta mimi utaambiwa nimehamishwa. Inaitwa Jamhuri ya Pamojani, nchi tulivu, yenye serikali sikivu mno, inasikia mpaka yale usiyoyasema. Mimi nimeitumikia kwa utiifu miaka kumi na tisa. Kazi yangu ilikuwa kusoma matangazo ya vifo kwenye Redio ya Taifa, kila siku saa saba mchana, mara tu baada ya taarifa ya habari. Wazazi waliniita Hamza Kilindo, lakini nchi nzima inanijua kwa jina la Bwana Tanzia. Siasa siijui na siitaki. Naandika haya kwa sababu kuna watu wanaosema eti nilishiriki kuidhalilisha Sheria ya Kupandisha Hadhi ya Makazi. Jamani! Mimi nilisoma tu nilicholetewa.

Nianze na dampo, maana bila dampo haya yote yasingekuwapo.

Mji mkuu wetu ulijaa taka. Halikuwa kosa la serikali. Lilikuwa kosa la taka zenyewe, ambazo zilikuwa zikiongezeka bila kibali. Baraza la Mawaziri likakaa siku tatu, likala, likaongeza taka kidogo, kisha likaamua kwamba taka zote za mji zikamwagwe Mbugaheri, kijiji cha watu elfu nne, mwendo wa saa moja kwa gari. Mahali palipochaguliwa palikuwa juu kidogo ya chemchemi, na chemchemi hiyo ndiyo maji pekee waliyokuwa nayo watu wale. Barua ikaandikwa kwa lugha nzuri sana. Ilisema kwamba kwa mujibu wa sheria, kijiji hushirikishwa kwa kuarifiwa. Haki ya kukataa dampo ilikuwa ya manispaa tu.

Barua ilipofika, ilisomwa hadharani na Mwalimu Sikudhani Kilemile, mwanamke mstaafu aliyefundisha darasa la pili miaka thelathini na mmoja, na ambaye mpaka leo akizungumza na mtu mzima humwambia akae sawa. Alipomaliza kusoma aliikunja ile barua mara nne.

"Maji haya nimeyanywa tangu nazaliwa," alisema. "Mume wangu kaoshwa kwa maji haya haya siku aliyokufa. Uchafu wa watu nisiowajua hautaingia humo nikiwa hai. Wanasema manispaa ndiyo inayokataa? Haya. Tutakuwa manispaa."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Kesho yake akaenda mjini kuitafuta sheria.

Sheria ilikuwa na kurasa mia mbili na kumi, lakini ukiikamua inabaki kidogo tu. Jamii ikitaka kuwa manispaa, lazima iutangazie umma. Tangazo libandikwe kwenye mali ya serikali, mahali pa wazi, likae siku arobaini bila kubanduliwa. Lisomwe kwenye Redio ya Taifa. Na Waziri wa Makazi, kwa mkono wake mwenyewe, atie sahihi kwamba taarifa imemfikia. Zikiisha siku arobaini bila pingamizi, makazi yale yanakuwa manispaa papo hapo, hata kama serikali imelala. Inasemekana mwanasheria aliyeitunga aliulizwa kwa nini ameweka hayo maneno ya kulala, akajibu kwamba hakuna kijiji kitakachofika ukurasa huo.

Shida ya kwanza ilikuwa mali ya serikali. Mbugaheri haikuwa nayo. Shule walijenga wazazi. Zahanati ilikuwa imezinduliwa mara nne, lakini jiwe la msingi Waziri aliondoka nalo kila mara, akalizindulie kwingine. Basi wanakijiji wakajenga ukuta. Siyo nyumba, ukuta mtupu, mita nne, wakaupaka chokaa, wakaandika barua kwamba wanaizawadia serikali ukuta huo. Wakabandika tangazo lao.

Siku ya tatu akaja Afisa Hadhi wa Wilaya, Bwana Mtengeti, mtu mwembamba mwenye mihuri sita kwenye mfuko wa shati.

"Ukuta huu una kibali cha ujenzi?" akauliza.

"Kibali kinatolewa na nani?" Mwalimu Sikudhani akamjibu kwa swali.

"Na manispaa."

"Manispaa ipi?"

"Ya hapa."

"Hapa hakuna manispaa."

"Ndiyo maana hauna kibali," alisema Bwana Mtengeti, akafurahi jinsi sheria ilivyoshikana vizuri.

Likaletwa greda. Lilikuwa greda la kwanza kukanyaga Mbugaheri tangu nchi ipate uhuru. Watu walilishangilia njia nzima, maana lilikuja limeshusha bapa lake likisawazisha barabara, mashimo ya miaka yote yakafukiwa. Likaubomoa ukuta kwa dakika mbili. Mwalimu Sikudhani akamsogelea Bwana Mtengeti, akampa mkono.

"Ahsanteni kwa barabara," alisema. "Wiki ijayo tutajenga ukuta mwingine kule upande wa juu. Nako kuna mashimo."

Greda halikurudi tena. Lakini siku ile ile, watu wakiwa wamesimama kwenye vifusi, fundi mmoja wa baiskeli aitwaye Mzee Chogo aliegemea nguzo ya umeme akajifuta jasho. Nguzo ile ilisimikwa wakati wa uchaguzi, miaka sita nyuma, ikakaa peke yake inasubiri nyaya. Kila mwaka Wizara iliandika kwenye ripoti kwamba Mbugaheri ina umeme, na ushahidi ulikuwa picha ya nguzo hiyo. Ilikuwa na namba ya serikali, imepigwa kwa chuma cha moto.

Mwalimu akaitazama namba. Akamtazama Mzee Chogo. "Hebu ondoa mgongo wako hapo, Mzee Chogo," akasema. "Unaegemea ofisi."

Sasa tunafika kwangu.

Mwalimu Sikudhani alikuja Redio ya Taifa siku ya Jumanne, na tangazo lake limepigwa chapa vizuri. Mkurugenzi alimpokea kwa heshima, akamweleza kwamba tangazo la namna hiyo lazima lipitishwe na Kamati ya Matangazo Yenye Uzito. Kamati ina wajumbe saba, na haiwezi kukaa akikosekana hata mmoja. Mjumbe wa saba alikuwa amefariki miaka miwili iliyopita. Tangazo lake nilisoma mimi. Hajaondolewa kwenye orodha kwa sababu kumwondoa kunahitaji kikao cha wajumbe wote saba.

"Kwa hiyo nisubiri afufuke," alisema Mwalimu.

"Mama, tuwe na subira," alisema Mkurugenzi.

Mwalimu alitoka mle ofisini akiwa amekaza midomo. Akapita dirishani kwangu, akasimama. Juu ya dirisha langu kuna amri imeandikwa kwa rangi nyekundu, imekaa pale tangu mwaka ule mjomba wa Rais alipozikwa bila nusu ya ukoo kupata habari. Inasema: TANGAZO LA KIFO HALIKATALIWI, HALIHARIRIWI WALA HALICHELEWESHWI. Mwalimu aliisoma neno kwa neno, kidole hewani, kama wanafunzi wake walivyosoma ubaoni.

"Mwanangu," aliniambia, "hii amri ingali na nguvu?"

"Ina nguvu, mama. Poleni, mmefiwa na nani?"

"Nipe fomu."

Akajaza, amesimama, kwa mwandiko wa darasani. Nikaipokea. Kwenye nafasi ya jina la marehemu aliandika: Kijiji cha Mbugaheri.

"Mama," nikasema taratibu, "marehemu ni kijiji."

"Kifungu cha themanini na mbili cha sheria yenu," alisema. "Siku inapozaliwa manispaa, kijiji kinakoma kuwapo. Ninyi hapa redioni, mtu akikoma kuwapo mnasemaje?"

"Tunasema amefariki."

"Basi soma hivyo."

"Lakini hakijafa bado."

"Kimeshapangiwa siku. Ni wangapi wanaopata nafasi ya kuwaaga watu wao mapema?"

Niliogopa. Sitaki kudanganya. Nina mke, nina watoto, nilikuwa nimebakiza miaka mitatu nistaafu. Lakini jina la Mbugaheri nilikuwa nalijua vizuri kuliko Waziri. Miaka kumi na tisa nilisoma vifo vya kule: mjamzito aliyefia kwenye mkokoteni akipelekwa hospitali ya mjini, mtoto wa miaka miwili wa homa ambayo dawa yake inauzwa kila duka la mjini, mtoto mwingine, mwingine tena. Kila mara niliagizwa nisome kwa sauti ya masikitiko. Hakuna siku hata moja niliyoruhusiwa kusoma kwa sauti ya hasira. Na amri ilikuwa pale juu, nyekundu, imesainiwa. Mimi ni mtumishi mtiifu.

Saa saba mchana, nchi nzima ikiwa imenyamaza kama inavyonyamaza saa hiyo, nikasoma:

"Wakazi wa Mbugaheri wanasikitika kutangaza kifo cha mpendwa wao, Kijiji cha Mbugaheri, kitakachotokea siku arobaini kutoka leo, saa saba mchana, baada ya kuugua ahadi kwa muda mrefu. Marehemu anaacha chemchemi moja, na mrithi mmoja, Manispaa ya Mbugaheri. Matanga yapo chini ya nguzo ya umeme isiyo na umeme. Mwenye pingamizi juu ya mrithi alilete kwa maandishi, alibandike hapo hapo kabla ya arobaini. Habari ziwafikie Waziri wa Makazi popote alipo, Afisa Hadhi wa Wilaya, dereva wa greda, na ndugu wote wa mji mkuu wenye taka. Wote mnaombwa kuhudhuria."

Mbugaheri walikuwa na redio moja nje ya duka. Niliambiwa baadaye kwamba niliposema jina la marehemu, akina mama walipiga yowe la msiba, yowe la kweli, kisha katikati ya yowe likageuka vigelegele. Dakika hiyo hiyo tangazo likabandikwa kwenye nguzo kwa uji wa muhogo, majamvi yakatandikwa chini yake, na watu wakakaa. Zamu ziligawanywa: nguzo haikubaki peke yake hata saa moja. Afisa angewezaje kulibandua tangazo katikati ya matanga? Ni nani, hata katika Pamojani, anayeruka waombolezaji na viatu?

Na wageni wakaja, wee! Wa vijiji jirani walikuja kwa sababu walifiwa na ahadi zile zile. Wa mjini walikuja kwa sababu walisikia kuna watu. Siku ya tano walikuwa elfu sita.

Watu elfu sita wamekaa chini, wametulia, na uchaguzi uko karibu. Mheshimiwa Profesa Balozi Pancras Ndauka, Waziri wa Makazi, Mipaka na Hadhi, hajawahi kukosa msiba wenye watu zaidi ya mia tano. Haulizi nani amekufa. Huuliza jukwaa liko wapi. Alifika na magari tisa, leso nyeupe mkononi. Akashuka akilia tayari.

"Ndugu wafiwa," alisema, "nimeupokea msiba huu kwa mshtuko mkubwa. Marehemu nilimfahamu vizuri. Alikuwa mchapakazi, mpole, asiyedai makuu. Kila nilipompa ahadi alipiga makofi. Serikali haitamsahau! Niliongea naye juzi juzi tu, akaniambia, Mheshimiwa, mimi sina shida yoyote."

Watu wakainamisha vichwa. Wengine mabega yaliwatikisika, na Waziri akafarijika kuona uchungu ulivyowaingia.

Kisha akaletewa kitabu cha rambirambi. Juu ya ukurasa, kwa mwandiko mkubwa wa darasa la pili, palikuwa na maneno yote ya tangazo, na chini yake: Mimi niliyetia sahihi hapa nimepata taarifa hii kwa ukamilifu.

"Mheshimiwa, soma kwanza," alisema Mwalimu Sikudhani.

"Mama, msiba hausomwi, msiba unaingia moyoni."

"Ni mistari saba tu. Tafadhali soma."

"Kusoma ni kazi ya wasaidizi," alisema Waziri. Akageuka kidogo ili wapiga picha wampate vizuri, akatia sahihi, akaongeza tarehe, na kwa upendo wake akapiga na muhuri. Wapiga picha kumi na mmoja waliipata sahihi ile kutoka kila upande.

Mwalimu alimsihi mara mbili. Naliandika hili kwa sababu baadaye ilisemwa kwamba Waziri alilaghaiwa. Watu elfu sita walisikia akiambiwa asome.

Msaidizi wa Waziri alikisoma kitabu kile jioni, kwenye picha ya gazeti. Kesho yake mimi niliitwa mbele ya Kamati ya Nidhamu.

"Kwa nini ulitangaza kifo bila ushahidi?" Mwenyekiti aliniuliza. "Marehemu alithibitishwa na daktari?"

"Mheshimiwa, Mbugaheri hakuna daktari," nilisema. "Lakini kwenye ripoti ya Wizara yupo mmoja, na wauguzi wawili. Pengine mngemwuliza yeye."

Wakanitoa nje wakajadiliana. Nikahamishiwa idara ya hali ya hewa, huko Kaskazini, nikasome mvua isiyonyesha. Nikaomba likizo yangu ya mwaka kwanza, ni haki ya mtumishi. Likizo nikaenda kuimalizia Mbugaheri, chini ya nguzo. Nilipofika Mwalimu aliniambia nikae sawa, halafu akanipa zamu ya asubuhi.

Siku ya thelathini na tisa akaja Bwana Mtengeti. Alikuja peke yake, mkononi karatasi moja, na gundi ya ofisini. Ile mihuri sita sijui aliiacha wapi. Sheria ilimruhusu mtu yeyote kupinga, ili mradi abandike pingamizi lake mahali pale pale na alisome kwa sauti. Watu wakampisha. Mimi niliogopa, maana karatasi moja tu ilitosha kuzima yote, na malori ya taka yalikuwa yameshapangwa foleni mjini.

"Soma, Mtengeti," alisema Mwalimu Sikudhani. "Paza sauti, wa nyuma wasikie."

Akakohoa. "Kwa niaba ya Waziri, napinga Mbugaheri kuwa manispaa, kwa kuwa Mbugaheri haina umeme, haina zahanati, haina..."

"Subiri," alisema Mwalimu. Akafungua mkoba, akatoa kitabu chenye jalada la kung'aa. "Hii ni ripoti ya Wizara aliyokabidhiwa Rais mwezi wa pili. Mbugaheri ina umeme. Ina zahanati, daktari mmoja, wauguzi wawili. Ina barabara ya lami. Imesainiwa na Ndauka. Na hapa chini, aliyekagua na kuthibitisha: Mtengeti. Ni wewe, au kuna mwingine?"

Bwana Mtengeti akainama kuitazama sahihi yake.

"Mimi sikukatazi," aliendelea Mwalimu, sauti ikipanda. "Bandika. Nguzo ni ya serikali yenu, nafasi ipo. Ripoti nitaibandika pembeni yake, sahihi zitazamane, na wapiga picha nitawaita mwenyewe. Rais atachagua ni karatasi gani ilimdanganya. Miaka sita mmekula umeme wetu, mmekula daktari wetu, sasa mnataka mpaka maji yetu? Bandika! Gundi ikikauka, uji wa muhogo ninao."

Watu wote wakasimama. Hakuna aliyemgusa, hakuna aliyetukana. Walisimama tu, wakamtazama. Kutoka nyuma bibi mmoja akasema kwa sauti ya kawaida, "Siku za mwizi arobaini, na leo ni thelathini na tisa." Mimi sikuelewa anamsema nani.

Bwana Mtengeti aliitazama nguzo mpaka juu kabisa, pale nyaya zilipotakiwa kuwa. Halafu akaikunja karatasi yake akaitia mfukoni. Akauliza kama kuna maji ya kunywa. Akaletewa kikombe kutoka chemchemini, akanywa chote, akaomba kingine.

Arobaini ilipikwa pilau. Saa saba kamili Mzee Chogo alipiga rimu ya baiskeli kwa nyundo, na Kijiji cha Mbugaheri kikafariki kwa amani, kimezungukwa na watu wake. Serikali, nadhani, ilikuwa imelala.

Siku ya arobaini na moja yakaja malori. Hakuna aliyekuwa ameyaambia. Agizo la kumwaga lilitolewa kabla, na katika nchi yetu kulitengua kunahitaji kikao. La mbele liliijaza njia kwa harufu kabla halijaonekana. Dereva alimkuta Mwalimu Sikudhani amesimama katikati ya barabara, chini ya nguzo, na nyuma yake Manispaa yote ya Mbugaheri, watu elfu nne, ndoo za maji vichwani.

"Mama, tupishe, tumetumwa kumwaga taka," alisema dereva.

"Na tangazo lenu liko wapi?"

"Tangazo gani?"

Mwalimu akanigeukia. Kuanzia siku ile mimi ndiye Msoma Matangazo wa Manispaa, mtumishi wake wa kwanza, na kule Kaskazini mvua wasome wenyewe. Nikafungua kitabu nikasoma, na kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe sikutumia sauti ya masikitiko:

"Anayetaka kuleta taka ndani ya Manispaa hii aombe kwa maandishi. Ombi libandikwe kwenye nguzo hii. Lisomwe kwa sauti. Likae siku arobaini, lisubiri pingamizi."

Dereva akaangalia ule umati, akazima injini. "Pingamizi la nani?"

Mikono elfu nne ikanyooshwa juu, kama darasa la pili linapolijua jibu.

Yule kijana alicheka mpaka akashika usukani. Akageuza lori, na wenzake saba nyuma yake wakageuza. Walikwenda mbio bila kuyumba hata mara moja, wakarudisha taka zile kwa wenyewe, maana barabara ilikuwa safi; serikali yenyewe ilikuwa imeisawazisha.